Nyumba ya Paa Moja
Maneno juu ya maisha ya jamaa katika nyumba ya kale ya wakulima, wakati wa majira ya kuchipua. Yaliyonenwa mbele ya wazazi na waalimu katika siku za jubilei



Katika siku za jubilei ni desturi kuhesabu majengo: kanisa hili lilijengwa mwaka fulani, shule ile iliezekwa na wazee fulani. Hesabu hiyo ni njema, wala hatuidharau. Walakini kanisa hujazwa na watu watokao nyumbani, na shule hujazwa na watoto waliolelewa nyumbani. Basi mtu akitaka kujua nguvu ya watu wo wote, na aingie kwanza nyumbani mwao, aone nani huwasha moto asubuhi, nani hupewa chakula wakati wa upungufu, na mzee akiishiwa nguvu huketishwa wapi. Ndiyo sababu tumechagua kunena habari za nyumba.

Nasi hatukuchagua nyumba yetu wenyewe, maana mtu haoni vizuri kitu kilicho karibu mno na jicho lake. Tumechagua nyumba ya kale ya wakulima wa Ujerumani ya Kaskazini, hasa wale wa nyika ya Lüneburg, tena katika majira ya kuchipua, yaani wakati baridi inapokoma na majani yanapoanza kuota. Nyumba hiyo si ngeni kabisa kwetu. Katika nyika hiyo kuna kijiji kiitwacho Hermannsburg, na huko mchungaji Louis Harms alianzisha chama cha misioni mwaka 1849, akawafundisha vijana wa mashamba na wa kazi za mikono. Mwaka 1853 merikebu yao, jina lake Candace, ilitweka kutoka Hamburg kwa nia ya kufikia nchi ya Waoromo. Mwaka 1854 ilifika pwani yetu ya Mombasa. Lakini wale vijana hawakupata ruhusa ya kwenda bara, wakarudi kusini wakakaa Natal. Basi yafaa tuulize: nyumba walizoziacha nyuma yao zilikuwa za namna gani?

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa, ndefu, ya paa moja. Paa liliezekwa kwa matete au kwa mabua ya nafaka, likashuka chini sana pande zote mbili, hata mtu akiiona kwa mbali angedhani ni kilima cha nyasi. Lilichukuliwa na safu za nguzo za mwaloni, na kuta zake katikati ya miti zilijazwa fito na kukandikwa udongo, kama nyumba zetu za pwani zinavyokandikwa. Baadaye wengine walijaza matofali. Upande mmoja ulikuwa na mlango mkubwa sana, gari lililojaa majani makavu likaweza kupita. Juu ya mlango huo walichonga katika boriti majina mawili, la mume na la mke waliojenga, na mwaka, na mara nyingi neno la Maandiko.

Wenyeji wetu husema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Basi tuingie. Ndani ya mlango ulikuwa ukumbi mrefu, sakafu yake udongo uliopigwa ukawa mgumu, ambapo nafaka ilipurwa wakati wa baridi. Kuume na kushoto walisimama ng'ombe na farasi, vichwa vyao vimeelekea ukumbini, ili walishwe kwa urahisi. Juu ya ukumbi, darini, palikuwa na akiba ya nafaka na majani makavu. Na mwisho wa ukumbi, mbali na mlango, palikuwa na moto, katikati ya sakafu, bila bomba la moshi. Sufuria ilining'inia juu yake kwa kulabu ya chuma yenye meno kama msumeno, ikashushwa au kuinuliwa kwa kadiri ya moto uliotakiwa. Moshi ulipanda wenyewe, ukakausha nafaka darini, ukafukuza wadudu, ukahifadhi mapaja ya nguruwe na soseji zilizotundikwa, kisha ukatoka kwa mlango na kwa tundu dogo lililokuwa juu kabisa penye ncha ya paa. Tundu hilo liliitwa tundu la bundi. Kwetu watu wengi humwogopa bundi akilia penye paa. Wao walimwachia njia aingie, kwa kuwa aliwala panya waliokula nafaka yao.

Wazee wa Kilimanjaro wakisikia habari hizi hawatashangaa sana. Nyumba ya Wachaga ya zamani nayo iliwaweka watu na ng'ombe chini ya paa moja, na moto katikati, na majani ya ng'ombe yakaletwa nyumbani kwa kichwa. Watu hawa wawili hawakufundishana. Baridi na thamani ya mnyama ziliwafundisha wote wawili.

Penye moto ule palikuwa pahali pa mama mwenye nyumba. Bibi arusi alipoingia mara ya kwanza aliongozwa kuuzunguka moto, iwe ishara ya kuwa sasa ni wake. Usiku aliufunika makaa kwa majivu, na alfajiri aliyafunua akayapuliza. Justus Möser, mtu wa Osnabrück aliyeishi tangu 1720 hata 1794, aliisifu sana nyumba hii katika maandiko yake. Alieleza ya kuwa mama akiketi penye moto na kusokota nyuzi aliweza kuwaona watoto na watumishi, farasi na ng'ombe, na kila aingiaye na atokaye, naye asiache kazi yake wala kuondoka kitini. Neno hili latupasa kulitafakari. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyeugua pasipo kuonekana, wala aliyelia pasipo kusikiwa.

Sasa tunene habari za majira. Sisi tuliozoea kiangazi na masika twaweza kudhani ya kuwa kuchipua kwa majani ni wakati wa shibe. Sivyo. Mavuno yao yalikuwa mwezi wa Julai na Agosti, na tangu hapo watu walikula akiba. Kwa hiyo Machi na Aprili ndiyo miezi ambayo ghala lilionyesha sakafu yake. Nafaka yao ya mkate mweusi, iitwayo rai, ilipimwa kwa uangalifu. Kabichi iliyotiwa chumvi ilikaribia kwisha katika pipa. Na nyama iliyobaki juu ya moto ilihesabiwa kwa macho kila siku. Wanyama ndio walioumia zaidi. Zamani, kabla ya watu kujua kupanda majani ya kutosha ya kulisha mifugo, ng'ombe waliishiwa nguvu mwisho wa baridi hata wasiweze kusimama peke yao. Watu wakawashika mkia na kuwainua, na kwa sababu hiyo wakaitwa ng'ombe wa mkia. Katika mwaka mbaya hata mabua ya paa yalishushwa ili ng'ombe wale. Fikirini, ndugu, jamaa inayobomoa paa lake ili ng'ombe wake waione Mei.

Kwa hiyo kila dalili ya kuchipua ilipokewa kama barua ya habari njema. Wana-kondoo wa nyika walizaliwa, weusi wote kama makaa, ingawa mama zao ni wa rangi ya kijivu. Wanawake walitafuta majani machanga ya kwanza kando ya njia, hata yale ya kuwasha, maana yakipikwa hayawashi. Na Alhamisi kuu kabla ya Pasaka nyumba nyingi zilipika mchuzi wa majani tisa ya namna mbalimbali. Usiku wa Pasaka vijana waliwasha mioto mikubwa penye vilima, na kutoka kijiji kimoja uliweza kuona mioto ya vijiji vingine. Ndipo mbayuwayu wakarudi, wakaruka moja kwa moja ndani ya nyumba kwa mlango mkubwa, wakajenga matope yao penye boriti juu ya ng'ombe, wala hakuna aliyewafukuza. Na korongo mweupe akatua juu ya paa, penye kiota chake cha mwaka jana.

Ndege hawa wawili ni wageni wetu pia. Katika miezi ya Desemba na Januari twawaona huku kwetu. Korongo akitembea katika mbuga akiokota nzige na viwavi, na mbayuwayu akiruka chini chini juu ya mashamba. Watu wa Ulaya zamani hawakujua waendako. Wengine walisema ya kuwa mbayuwayu hulala ndani ya matope ya ziwa mpaka baridi ipite. Lakini mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Mecklenburg, alipatikana korongo ambaye mkuki wa Kiafrika, urefu wake kama sentimeta 80, umepita shingoni mwake, naye ameruka nao hata huko. Korongo huyo yuko katika nyumba ya elimu ya Rostock hata leo. Basi aliyemtupia mkuki, na yule aliyemngojea juu ya paa lake, walikuwa wakitazama ndege mmoja, na hakuna aliyejua habari za mwenziwe.

Kazi za majira hayo zilimgusa kila mtu. Baba na watumishi walitoa samadi ya baridi nzima kutoka chini ya ng'ombe, wakaipeleka shambani kwa gari, wakalima na kupanda nafaka. Mama na wasichana walifungua madirisha, wakatoa magodoro ya majani yaliyolaliwa wakati wa baridi, wakayajaza mapya. Walilala katika vitanda vilivyojengwa ndani ya ukuta kama kabati, vyenye milango ya kufunga, ili joto lisipotee. Viazi vilipandwa mwezi wa Aprili na Mei, mama akitangulia na kikapu na watoto wakimfuata. Mbegu ya kitani ilipandwa pia, maana shati la mwaka ujao lilikuwa bado ni mbegu mkononi mwa mama. Mahali penye mabwawa, watu wote walikwenda kukata udongo mweusi wa bwawani, wakaupanga ukauke kwa jua uwe kuni za baridi ijayo. Babu asiyeweza tena kushika plau alisuka mizinga ya nyuki kwa mabua. Bibi alichunga vifaranga vya bata bukini, akamtikisa mtoto mchanga kwa mguu huku mikono ikifuma soksi.

Kila mtu alikuwa na kazi iliyofaa nguvu zake, na ikiwa mmoja hakufanya, wote waliona wakati wa kula, maana walikula meza moja, mara nyingi katika bakuli moja, bwana na mtumishi pamoja. Hilo twalisifu. Lakini hatukuja hapa kusifu tu. Moshi ule uliokausha nafaka uliumiza macho na vifua vya wanawake. Moto wa wazi chini ya paa la mabua uliteketeza nyumba nyingi, na mara nyingine kijiji chote. Kwa hiyo tanuri la mkate lilijengwa mbali, katika kibanda chake. Tena kuna mambo matatu yaliyokuwa mazito kuliko moshi, na katika hayo sisi wazazi na waalimu twaweza kujitazama.

La kwanza ni habari ya watoto na shule. Katika nchi ya Prussia amri ilitolewa mwaka 1763 ya kuwa watoto wote waende shule tangu umri wa miaka 5 hata 13 au 14, na nchi nyingine za Wajerumani zilikuwa na amri kama hiyo. Lakini amri ni ya serikali, na ng'ombe ni wa baba. Wakati wa baridi shule zilijaa. Na nyasi zilipoota madawati yakawa matupu, kwa kuwa bukini walitaka mchungaji, na viazi vilitaka mikono midogo. Mwalimu alifundisha kuandika mwezi wa Februari, akakuta mwezi wa Novemba vidole vimesahau. Je, waalimu wenzetu hamwijui hadithi hiyo? Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, nani asiyehesabu nafasi tupu darasani? Hatusemi mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyejua jembe ni maskini kwa njia yake. Lakini kazi ya kumfunza mtoto na kazi ya kumla mtoto zafanana kwa nje, na mzazi ndiye apaswaye kuzipambanua.

La pili ni habari ya urithi. Katika sehemu nyingi za nchi ile shamba halikugawanywa. Mtoto mmoja alilirithi lote, mahali pengine wa kwanza, mahali pengine wa mwisho, ili shamba lisikatwe vipande visivyoweza kulisha mtu. Hii ilikuwa akili, nasi tunaoona vihamba vya Kilimanjaro vikigawanywa hata vimekuwa kama mikeka tunaielewa. Walakini ndugu wengine walipata kidogo tu. Mwenye kubaki alikaa kwa nduguye kama mtumishi, mara nyingi hakuoa. Wengi walitoka. Katika nyumba za Waprotestanti kipaimara kilifanyika karibu na Pasaka, mara nyingi Jumapili ya Matawi, na kwa watoto wengi ndio uliokuwa mwisho wa shule. Mtoto wa miaka 14 akafunga nguo zake, akaenda kutumika katika nyumba ya wengine. Kwa hiyo majira yale yale yaliyoleta mbayuwayu nyumbani yaliwatoa watoto. Wengine walivuka bahari wakaenda Marekani, na wengine, kama wale wa Candace, wakaja upande wa Afrika. Mama aliyepuliza moto asubuhi ile alikuwa na bakuli moja zaidi ya watu waliokuwako.

Tusilione neno hili kuwa la mbali. Katika desturi ya Wachaga mwana wa mwisho hubaki katika nyumba ya baba, na mkubwa hutafutiwa kihamba chake. Lakini ardhi imekwisha, na wa katikati huenda mjini. Swali si kama mtoto ataondoka. Swali ni kama ametayarishwa. Wale waliotoka wakiwa na kazi ya mikono na kusoma walipata kusimama. Aliyetoka mikono mitupu alitumikia wengine maisha yake yote. Mzazi asiye na ardhi ya kumpa mtoto bado ana urithi wa kumpa, na shule ni sehemu yake kubwa.

La tatu ni habari ya wazee. Baba alipochoka alimkabidhi mrithi shamba, naye pamoja na mkewe wakahamia chumba cha pembeni au nyumba ndogo ya uani. Siku hiyo iliandikwa hati. Ndani yake walihesabu kila kitu ambacho mwana atawapa wazazi wake kila mwaka: nafaka kiasi gani, maziwa kiasi gani, kuni kiasi gani, na haki ya kukaa penye moto. Mtu aweza kuuliza, Je, ni vema mwana aandikiwe hati ili ampe mama yake maziwa? Jibu letu ni hili: walioandika hati walikwisha kuona wazee walionyimwa. Hati haikuumba upendo. Iliweka sakafu, ili upendo ukipungua mzee asianguke chini ya sakafu hiyo. Kwetu sisi twajivuna ya kuwa hatuhitaji hati. Basi na tujivune siku ile ambapo hakuna mzee katika mtaa wetu anayekula kwa kubahatisha, ambaye wanawe wote wako hai na wana kazi.

Nyumba hizo zilikoma polepole. Katika karne ya 19 watu walianza kujenga mabomba ya moshi na majiko. Wakaweka ukuta kati ya ng'ombe na watu. Mavuno yakaongezeka kwa mbolea mpya hata dari halikutosha. Wengi walifurahi, nasi hatuwezi kuwalaumu, maana hakuna aliyelia kwa kukosa moshi machoni. Leo baadhi ya nyumba hizo zimehifadhiwa, kama zile za kijiji cha ukumbusho cha Cloppenburg kilichoanzishwa mwaka 1934, ambako watu huenda kuzitazama. Mbayuwayu nao wamepungukiwa na milango iliyo wazi.

Basi, ndugu, nyumba ni miti na udongo, nayo huoza. Hatuwaombi mrudishe ng'ombe ukumbini. Lakini kabla ya kwenda zenu, twawaomba mambo matatu, kila mtu kwa nyumba yake. Mahali pa moto wa zamani pawepo saa moja kwa siku ambapo jamaa wote huonana uso kwa uso na kula pamoja, hata kama chakula ni kidogo. Masika yatakapoanza, wazazi na waalimu wa kila mtaa wakutane mbele ya mvua, si baada yake, wapatane ni siku gani za kupanda na ni siku gani za shule, ili mtoto asivutwe pande mbili. Na kila mwenye mzazi mzee aketi na nduguze, wanene waziwazi nani atampa nini na lini. Wakiandika, heri; wasipoandika, na walikumbuke walilosema.

Mkifanya hivyo, majengo tunayoyahesabu mwaka huu yatakuwa na watu wa kuyajaza katika jubilei ijayo.